Shabaha na Mfano: Juu ya Kazi Inayofanywa Ili Iteketee

Je, ni halali mbele ya Mungu mtu atumie majuma ya kazi ya uangalifu kutengeneza kitu ambacho kitateketea chote kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho? Wengi wetu tutajibu mara moja kwamba si halali, huo ni upotevu. Lakini tukijibu hivyo kwa haraka, tutakuwa tumezihukumu pia kazi nyingine nyingi ambazo hatukuzikusudia, zikiwemo baadhi ya kazi zinazofanyika katika sharika zetu kila juma. Ndiyo maana tumeona vema kulichukua swali hili polepole, tukilitazama kupitia kazi moja iliyo mbali nasi, ambayo huenda wasomaji wengi wa kitabu hiki hawajawahi kuisikia. Mara nyingine jambo la mbali huonekana vizuri kuliko lililo karibu na pua.

Kazi hiyo ni ya kutengeneza shabaha za leza.

Nyota inayoletwa mezani

Usiku wa kuamkia tarehe 24 Februari 1987, mtaalamu wa anga kutoka Kanada aitwaye Ian Shelton alikuwa akipiga picha za anga katika kituo cha Las Campanas nchini Chile. Katika picha yake aliona nyota yenye mwanga mkali mahali ambapo haikuwapo awali. Ilikuwa nyota iliyolipuka, yaani supanova. Ilikuwa katika Wingu Kubwa la Magellan, galaksi ndogo jirani na yetu, inayoonekana katika anga la kusini hata kutoka nchini mwetu. Mwanga wake ulikuwa umesafiri zaidi ya miaka 160,000 kabla ya kutufikia. Wataalamu waliiita SN 1987A, na tangu supanova ya mwaka 1604 haikuwa imeonekana nyingine iliyong'aa kiasi hicho machoni pa wanadamu.

Nyota hiyo iliwapa wataalamu fumbo. Nyota kubwa iliyozeeka ina matabaka kama kitunguu: elementi nzito ziko ndani, nyepesi ziko nje. Walitarajia kwamba ikilipuka, matabaka hayo yangetoka kwa utaratibu, ya nje yakitangulia na ya ndani yakifuata. Lakini eksirei zinazotokana na elementi nzito za ndani zilionekana miezi kadhaa mapema kuliko ilivyotarajiwa. Maana yake ni kwamba vitu vya ndani vilikuwa vimepenya hadi karibu na nje. Kitunguu kilikuwa kimevurugika.

Mvurugiko wa namna hii tunaweza kuuona jikoni. Ukimimina maji juu ya mafuta ya kupikia, maji hayakai juu, kwa kuwa ni mazito. Yanashuka kama vidole, na mafuta yanapanda katikati ya vidole hivyo. Jambo hili limepewa jina la wanasayansi wawili wa Uingereza, Rayleigh na Taylor. Swali likawa: je, vidole kama hivyo ndivyo vilivyoivuruga ile nyota? Na kama ndivyo, vinakua kwa kasi gani?

Nyota haiwezi kuitwa ije kuhojiwa. Tunaweza kuitazama tu, kutoka mbali, mara moja inapolipuka. Kwa hiyo wataalamu walitafuta njia nyingine. Katika Chuo Kikuu cha Rochester, jimbo la New York nchini Marekani, kuna leza iitwayo Omega. Tangu mwaka 1995 imekuwa ikitumia miale 60 inayolenga sehemu moja ndogo katikati ya chumba cha chuma kisicho na hewa. Huko Livermore, jimbo la California, kuna nyingine kubwa zaidi, yenye miale 192 na chumba cha mviringo chenye upana wa mita 10. Katikati ya vyumba hivyo, juu ya kijiti chembamba, kinawekwa kitu kidogo. Miale inakipiga, na kwa muda mfupi sana kitu hicho kinapata joto na mgandamizo unaofanana na ule wa ndani ya nyota inayolipuka. Kitu hicho ndicho kinachoitwa shabaha.

Tuchukue mfano mmoja wa kweli. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan, wakitumia leza ya Omega, walitengeneza shabaha iliyokuwa mfano wa mpaka kati ya tabaka zito na tabaka jepesi la nyota. Upande mmoja kulikuwa na kisahani cha plastiki chenye unene wa maikromita 150, yaani milimita 0.15. Ndani yake kulikuwa na utepe wa plastiki iliyotiwa bromini kidogo, ili ionekane vizuri katika picha za eksirei. Nyuma yake kulikuwa na povu kavu la kaboni, jepesi sana, ambalo uzito wake ni sehemu moja ya 20 ya uzito wa maji ya ujazo uleule. Na pale plastiki ilipokutana na povu, walichonga mawimbi. Kutoka kilele cha wimbi moja hadi kingine ni maikromita 71, karibu na unene wa unywele. Kimo chake ni maikromita 2.5, yaani karibu theluthi moja ya upana wa chembe nyekundu ya damu.

Sehemu hizi hukusanywa kwa mkono chini ya hadubini, kwa gundi kidogo kuliko tone. Kisha miale 10 ya leza hukipiga kisahani kwa muda wa karibu nanosekunde moja. Ndugu msomaji, nanosekunde ni sehemu moja ya bilioni ya sekunde. Katika nanosekunde moja mwanga wenyewe, ulio mwepesi kuliko vyote, husafiri sentimita 30 tu, urefu wa rula ya mwanafunzi. Plastiki inasukumwa ndani ya povu, kisha povu linaipunguza mwendo, na mawimbi yale madogo yanakua kuwa vidole. Miale mingine hukipiga kibati kidogo cha pembeni ili kitoe eksirei za kupigia picha. Baada ya makumi machache ya nanosekunde kila kitu kimekwisha. Hakibaki kisahani, wala povu, wala utepe.

Mtu anaweza kuuliza: kitu cha milimita chache kinawezaje kutuambia habari za nyota? Jibu ni kwamba hesabu za mwendo wa gesi na vimiminika zinajali uwiano kuliko ukubwa. Ikiwa uwiano kati ya kasi, msongamano na mgandamizo umetunzwa, basi nanosekunde chache katika maabara zinaweza kusimama mahali pa dakika nyingi ndani ya nyota. Kidogo kinaweza kuwa mfano mwaminifu wa kikubwa, maadamu kimetengenezwa kwa kipimo.

Kuandika kasoro kabla ya moto

Jambo la kwanza linalotufundisha katika kazi hii si lile la moto, bali lile linalofanyika kabla ya moto. Kila shabaha hupimwa. Hupigwa picha kutoka pande zote. Huandikwa unene wa kila tabaka, pembe ya kila kiungo, ukubwa wa kila tone la gundi lililotambaa mahali lisipotakiwa. Kwa nini bidii yote hiyo? Kwa sababu baada ya mpigo hakutakuwa na kitu cha kurudia kupima. Meza ikivunjika, fundi anaweza kuvichunguza vipande. Daraja likianguka, wahandisi hukusanya mabaki. Lakini shabaha ikishapigwa imegeuka gesi. Kama ilikuwa na kasoro ambayo haikuandikwa, kasoro hiyo itaingia katika picha ikijifanya kuwa habari ya nyota. Na watu walio mbali, ambao hawakuiona shabaha kamwe, watajenga elimu yao juu ya uongo huo mdogo.

Tuangalie vizuri. Shabaha hizi si kamilifu, na wanaozitengeneza hawadai kwamba ni kamilifu. Hata yale mawimbi ya maikromita 71 ni aina ya kasoro iliyotiwa kwa makusudi, ili ijulikane na kufuatiliwa. Kinachoharibu jaribio ni kasoro isiyojulikana, au iliyojulikana ikanyamaziwa. Huko Livermore, kwa majaribio ya kuunganisha viini vya atomi, hutengenezwa tufe la almasi lenye upana wa karibu milimita 2 na uwazi ndani. Mwezi Agosti 2021 jaribio moja la aina hiyo lilifanikiwa kuliko yote yaliyotangulia. Walipojaribu kulirudia hawakufikia kiwango kile, na sababu mojawapo ilikuwa tofauti ndogo za ubora katika matufe. Leza ile yenye nguvu nyingi namna hiyo ilitegemea vishimo ambavyo jicho haliwezi kuviona.

Sisi tunaofundisha katika vyuo vya theolojia tunazungumza sana juu ya wito. Tunawakumbusha wanafunzi kwamba Martin Luther, katika barua yake ya mwaka 1520 kwa wakuu wa Ujerumani, alifundisha kwamba mshona viatu, mhunzi na mkulima, kila mmoja akiwa katika kazi yake, wamewekwa wakfu sawasawa na kuhani. Fundisho hili tunalipenda. Lakini mara nyingi tunalitumia kwa namna laini, kana kwamba linasema tu kila kazi ni nzuri. Luther hakuishia hapo. Katika Katekisimo Ndogo, anapoieleza amri inayokataza wizi, anahesabu bidhaa za uongo kuwa ni wizi. Maana yake wito unapimwa kwa ukweli wa kitu kinachotoka mikononi mwako. Seremala anayeficha ufa kwa vumbi la mbao na gundi, akapaka vanishi juu yake, amevunja amri ya Mungu ingawa kiti kimependeza.

Mtengeneza shabaha yuko katika jaribu kubwa kuliko la seremala huyo. Kiti siku moja kitavunjika na ufa utaonekana. Shabaha itateketea, na ushahidi utateketea nayo. Hakuna mteja atakayerudi kulalamika. Ikiwa mtu huyu anaandika kasoro yake kwa ukweli, anaiandika kwa sababu ukweli wenyewe unamdai, wala si kwa hofu ya kukamatwa. Mtume Paulo aliwaandikia Wakorintho kwamba kazi ya kila mtu itajaribiwa kwa moto. Sisi huwa tunafikiri juu ya moto unaokuja mwisho kuyafunua yaliyofichika. Kazi hii inatukumbusha kwamba upo pia moto unaoficha, unaofuta kila alama, na kwamba uaminifu wa kweli ni ule unaofanyika wakati moto wa namna hiyo unasubiri.

Tujiulize ni mambo mangapi katika huduma yetu yamekaa hivyo. Maneno tuliyomwambia mgonjwa faraghani, naye akafa kesho yake. Hesabu ya sadaka iliyohesabiwa na watu wawili jioni wakati wengine wamekwenda nyumbani. Ushauri tuliompa kijana aliyehama mji. Hakuna atakayerudi kupima. Hapo ndipo inapojulikana kama tulikuwa tukimtumikia Mungu au tukiwatumikia wakaguzi.

Je, huu ni upotevu?

Sasa turudi kwenye swali la upotevu. Injili ya Marko inatueleza juu ya mwanamke aliyeingia nyumbani mwa Simoni huko Bethania akiwa na chupa ya marhamu ya nardo ya thamani kubwa. Aliivunja chupa na kuyamimina marhamu juu ya kichwa cha Yesu. Waliokuwapo walikasirika. Walipiga hesabu upesi: yangeweza kuuzwa kwa zaidi ya dinari 300 wakapewa maskini. Yesu alimtetea mwanamke yule, akisema ametenda tendo jema, ameupaka mwili wake mapema kwa ajili ya maziko.

Kuna namna mbaya ya kuitumia habari hii. Mtu anaweza kuichukua ili kumnyamazisha kila anayeuliza juu ya fedha. Ujenzi wa leza ile ya Livermore uligharimu karibu dola bilioni 3.5 za Marekani. Mkristo anayeishi mahali ambapo zahanati haina dawa ana haki ya kuuliza fedha hizo zingefanya nini, na mchungaji hana ruhusa ya kumfunga mdomo kwa chupa ya Bethania. Yesu hakusema maskini wasahauliwe. Alisema wako nanyi siku zote, na kwamba mnaweza kuwatendea mema wakati wowote mpendapo. Lawama ya swali hilo inarudi kwa wenye hesabu: je, jana mliwatendea nini?

Lakini habari ile inakataa jambo moja, nalo ni hesabu inayosema kwamba kitu kisichodumu hakina thamani. Marhamu yalikwisha harufu. Chupa ilivunjika. Kilichotendwa kikabaki kuwa chema. Sisi wachungaji tunalijua jambo hili kutokana na mazishi. Tumewaona mafundi wakitengeneza jeneza usiku kucha kwa taa, wakilipiga msasa hata sehemu ya chini, ambayo hakuna atakayeiona. Kesho yake saa nane mchana jeneza lile linafunikwa udongo. Hatujamsikia mfiwa hata mmoja akiuliza kwa nini lilipigwa msasa. Kila mtu anaelewa kwamba uangalifu ule ulikuwa heshima kwa aliyemo ndani. Jeneza lisilodumu lilisema jambo la kweli kwa wakati wake.

Kwa hiyo kipimo cha upotevu si muda. Tuulize maswali mawili. La kwanza: kitu hiki kinapoisha, je, kimesema ukweli? La pili: kimemalizwa kwa ajili ya nani? Shabaha ya kisahani na povu, iliyopimwa kwa uaminifu, inajibu swali la kwanza vizuri. Imekufa ikisema kweli juu ya kazi ya mikono ya Mungu. Mwaka 2018 watafiti wakiongozwa na Carolyn Kuranz walichapisha matokeo ya majaribio ya namna hii yaliyofanyika Livermore, wakionyesha jinsi joto kali linavyoweza kupunguza ukuaji wa vile vidole katika mabaki ya supanova changa. Shabaha zote zilizotumika hazipo tena. Ila tunajua kitu ambacho hatukukijua juu ya nyota. Kama mbingu zinatangaza utukufu wa Mungu, basi mtu anayejitahidi kuyasikia maneno hayo vizuri zaidi hafanyi kazi ya bure.

Swali la pili ni gumu zaidi, na hatuna budi kulikabili.

Neno lenye maana mbili

Lugha yetu imelitunza neno hili, shabaha, kwa namna ya pekee. Leo tunalitumia kwa maana ya kitu kinacholengwa, au lengo. Lakini kamusi za zamani za Kiswahili zinatoa pia maana ya pili: mfano, mfanano. Ni ndugu wa neno shabihi, tunaposema mtoto amemshabihi baba yake. Katika maabara tunayoizungumzia, maana zote mbili zinakutana katika kitu kimoja. Kile kisahani ni shabaha kwa kuwa kinalengwa, na ni shabaha kwa kuwa kinafanana na nyota. Kinapigwa kwa sababu kinafanana. Kama kisingefanana, kukipiga kungekuwa mchezo wa ghali tu.

Sasa tufungue kitabu cha Mwanzo. Huko tunasoma kwamba mwanadamu aliumbwa kwa mfano wa Mungu. Naye pia ni shabaha kwa maana ile ya pili: anafanana. Lakini hapa mambo yanageuka kabisa. Baada ya gharika Mungu anamwambia Nuhu kwamba damu ya mwanadamu isimwagwe, na sababu inayotajwa ni ileile, kwamba mwanadamu amefanywa kwa mfano wa Mungu. Kile kinachofanya kisahani kilengwe ndicho kinachomkataza mwanadamu asilengwe. Kwa sababu ni shabaha kwa maana moja, hawezi kuwa shabaha kwa maana nyingine.

Historia inatuonyesha nini kinatokea maana ile ya kwanza inapoachwa peke yake. Tarehe 9 Agosti 1945, siku tatu baada ya Hiroshima, ndege ya Marekani ilibeba bomu la pili la atomi kwenda Japani. Shabaha yake ya kwanza siku hiyo ilikuwa mji wa Kokura. Mji haukuonekana vizuri kutoka angani, basi ndege ikaenda kwenye shabaha ya pili, Nagasaki. Bomu lililipuka karibu na Urakami, mahali palipokuwa na kanisa kuu na Wakristo wengi ambao mababu zao waliitunza imani kwa siri kwa vizazi. Watu wa mji mmoja walipona na wa mji mwingine waliangamia kwa sababu ya hali ya anga. Hivyo ndivyo mambo yanavyokuwa watu wakishakuwa walengwa tu: nafasi yao inaweza kuchukuliwa na wengine wowote.

Hatuyasemi haya kwa kupotoka kwenye mada. Leza ya Livermore ilijengwa na idara ya serikali ya Marekani inayotunza silaha za nyuklia. Marekani ilifanya jaribio lake la mwisho la kulipua silaha ya nyuklia tarehe 23 Septemba 1992, na leza hii ilikusudiwa kwanza kuwawezesha kuzielewa silaha zao bila kuzilipua. Utafiti wa nyota hupata sehemu ndogo tu ya muda wake. Mikono inayojua kuunganisha shabaha za nyota inajua pia kuunganisha shabaha za kazi ile nyingine. Chumba ni kilekile.

Mkristo afanyeje katika chumba hicho? Wapo watakaosema kwamba afadhali silaha zichunguzwe kwa leza kuliko kulipuliwa jangwani na baharini, na katika hilo wana hoja. Wapo watakaosema kwamba kuitunza silaha ya kuangamiza miji ni kuiweka tayari, nao wana hoja. Mwaka 1526 Luther aliandika kitabu kuhusu askari na wokovu, na ndani yake alifundisha kwamba mtu anayejua kwa hakika kwamba mtawala wake anapigana vita visivyo vya haki amwogope Mungu kuliko wanadamu, asiende. Hakumwachia mtawala dhamiri ya askari. Wala sisi hatuwezi kumwachia mkurugenzi dhamiri ya fundi wa hadubini. Kanisa halipaswi kumpa fundi huyo ondoleo la haraka kwa kusema kwamba leza ni chombo tu, wala hukumu ya haraka kwa kusema kwamba chumba kizima ni najisi. Linapaswa kumpa swali la kwenda nalo kazini kila asubuhi: mwisho wa mwale huu kuna nini? Kuna plastiki na povu, au, baada ya hatua nyingine kumi, kuna uso wa mtu?

Swali hilo halimhusu fundi wa Marekani peke yake. Kila tunapowaita watu walengwa, katika miradi yetu ya maendeleo, katika kampeni, hata katika mikutano ya injili, tunakuwa tumeanza safari. Pengine ni safari fupi na yenye nia njema. Lakini mtu anayehesabiwa kama mlengwa tu anaweza kubadilishwa na mwingine bila mtu kuona tofauti, kama ilivyokuwa kwa Kokura na Nagasaki.

Kile ambacho Mungu hafanyi

Limebaki jambo moja, na ndilo lililotusukuma kuandika. Sisi wachungaji tunaitwa kuwazika watoto walioishi siku chache, wengine saa chache tu. Mama amembeba miezi tisa. Nguo ndogo zimefuliwa na kukunjwa. Kisha yote yamekwisha kabla jina halijazoeleka mdomoni. Wakati huo watu husema maneno ya kufariji, na baadhi yake ni ya hatari. Husemwa kwamba Mungu alimleta mtoto ili atufundishe kitu. Husemwa kwamba alikusudiwa kuondoka, ili imani ya wazazi ijaribiwe.

Ndugu wapendwa, huko ni kumfanya Mungu kuwa mwenye maabara. Kisahani kinatengenezwa ili kiteketee na picha ipatikane. Thamani yake yote iko katika kile ambacho wengine wanajifunza kwa kuteketea kwake. Ni sawa kwa plastiki. Lakini hakuna mtoto aliyeumbwa kwa namna hiyo. Mungu tunayemhubiri hakuwaweka walio mfano wake katikati ya chumba ili aone mawimbi yanakuaje. Palipotakiwa mmoja wa kupigwa, alikuja mwenyewe. Msalabani tunamwona yeye aliye mfano kamili wa Mungu asiyeonekana akijiweka mahali pa kulengwa, kwa hiari yake, ili sisi tusiwe hapo. Na siku ya tatu hakubaki kuwa picha tu. Alifufuka akiwa na mwili wake na alama zake.

Kwa hiyo mama akituuliza kama miezi ile tisa ilikuwa upotevu, tusimjibu kwa somo lililopatikana. Tumwambie kwamba uangalifu wake ulikuwa wa kweli, kwamba ulimhusu mtu na si jaribio, na kwamba mtu huyo anajulikana kwa jina mbele za Mungu. Halafu tunyamaze tukae naye.

Na kwa kazi zetu zisizodumu, mahubiri yanayosahaulika kabla ya Jumatatu, chakula kinacholiwa na kwisha, sakafu inayofagiliwa na kuchafuka tena, tuzifanye kama wale wanaokusanya shabaha chini ya hadubini. Tuzipime kwa ukweli. Tuziandike kasoro zake ingawa hakuna atakayekuja kuangalia. Tuziachie ziishe. Vitu vinaweza kumalizwa kwa ajili ya watu na kwa ajili ya ukweli. Watu wasimalizwe kwa ajili ya kitu chochote.